Mwandishi Bado Amelala

Napenda kutamka mapema, ili haki itendeke, kwamba katika suala la dada yangu kwenda au kutokwenda shule ya matangazo, mimi sikuwa na upande. Nilikuwa na kitanda tu. Dada akienda, kitanda cha dirishani kinakuwa changu, pamoja na ile nusu ya kabati iliyojaa viatu vyake visivyotembea. Asipoenda, naendelea kulala upande wa mlangoni, ambako kila anayekwenda chooni hunigonga mguu na kuniomba radhi kwa mwanga wa simu usoni. Zaidi ya hapo nilikuwa mwadilifu kabisa.

Nyumbani wananiita Kengele. Jina lilitoka shuleni kwangu, shule ya bweni ambayo wakati huo ilikuwa imefunga kwa likizo, kwa sababu ya asubuhi moja ambapo kengele ya kuamkia ililia mapema kuliko majogoo, na bweni zima la wasichana likaoga, likavaa, likapanga mstari mbele ya bwalo lililofungwa kwa kufuli. Matroni hakuwahi kuthibitisha ni nani. Mimi sikuona sababu ya kumwingilia katika uchunguzi wake.

Dada ni mwandishi wa matangazo. Ukisikia redioni sauti nzito ikikuuliza kama sufuria lako linakuheshimu, jua kwamba maneno yale aliyaandika yeye, akiwa na taulo kichwani na kipande cha mkate mdomoni. Ofisi yao iko juu ya duka la matairi, kwa hiyo hata tangazo la manukato lilizaliwa katika harufu ya mpira. Ana miaka kadhaa pale na hajawahi kukosa kazi. Sasa shule ya matangazo ya mji mwingine ilikuwa imemkubali. Ni shule ya bweni, mwaka mzima na zaidi, na walitaka jibu kabla ya Ijumaa jioni ya wiki iliyofuata. Mkurugenzi wake alikuwa amesema kwa upole kwamba kiti chake hakitamngoja, maana viti vya ofisi ile vina magurudumu.

Baraza la familia lilikaa wakati wa chakula cha jioni. Mama ni nesi, na kila tatizo hulikabili kama limekuja na homa.

"Ngoja nielewe," alisema. "Una kazi."

"Ninayo, Mama."

"Unaiacha. Unakwenda kujifunza kazi. Halafu unarudi kutafuta kazi."

"Ndiyo."

"Ile ile."

"Ile ile, Mama."

"Haya. Mimi sijasema kitu," akasema Mama, maneno ambayo nyumbani kwetu ndiyo hukumu yenyewe.

Baba ni mwalimu wa udereva. Amekaa kiti cha abiria maisha yake yote ya kazi, mguu wake ukiwa juu ya breki ya akiba, na amekuwa mtu wa maneno machache yenye breki. Alimaliza kutafuna, akasema, "Aliyejifundisha gari mwenyewe huendesha vizuri sana. Mpaka siku ya kurudi nyuma."

"Baba, tunaongelea matangazo."

"Mimi naongelea matangazo. Ninyi ndio mnaongelea magari."

Dada aliweka kijiko chini. "Shida yangu ni moja. Naandika mstari, naujua kabisa kwamba huu ndio. Tunaingia kikaoni. Mteja ananiuliza, kwa nini huu? Nasema, unasikika vizuri. Yeye anasema kwake hausikiki. Basi, umekufa. Nimezika mistari mizuri mpaka nimechoka kuhudhuria mazishi. Huko shuleni wanafundisha kujibu hilo swali."

"Na kama hawafundishi?" aliuliza Mama.

Hapo Dada hakuwa na jibu, jambo lililothibitisha hoja zote mbili kwa pamoja.

Alimpigia simu Mchoraji, yule anayepanga picha na herufi ofisini kwao, kwa sababu alipitia shule hiyo hiyo. Simu iliwekwa mezani, sauti ikafunguliwa, nasi tukaizunguka kama tunasikiliza taarifa ya habari.

"Nusu ya walimu," alisema Mchoraji, "waliandika tangazo lao la mwisho enzi za redio za mbao. Nusu nyingine watakuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka uote unaulizwa."

"Sasa wewe unanishauri niende au nisiende?"

"Mimi nilitoka huko na mke na miwani. Sijutii kimojawapo."

"Kipi?"

"Dada yangu, nimeoa. Usiniulize maswali hayo kwenye spika."

Nikaombwa na mimi nitoe maoni. Kwa kuwa ndiye pekee mezani pale mwenye uzoefu wa sasa wa bweni, niliinuka, nikafunga kifungo cha shati, nikasema kwamba maisha ya bweni hujenga tabia, huimarisha subira, na humfunza mtu kuoga haraka. Nilimshauri, endapo atakwenda, asimwazime mtu ndoo, asilale karibu na mlango, na zaidi ya yote aende na godoro lake mwenyewe, kwa sababu magodoro ya shule hujazwa kitu ambacho sayansi bado haijakitaja.

"Kengele," alisema Mama, "unamfukuza dada yako kwa ajili ya kitanda."

"Mama, mimi naongelea elimu."

Mambo yalikaa hivyo, Dada akibadili mawazo kila alipobadili nguo, mpaka godoro likaingia katika habari hii kwa mlango mwingine.

Watu wa kazi yake wana desturi moja. Mchoraji akitaka kupanga picha kabla maneno hayajawa tayari, mwandishi humpa maneno yoyote ya kushikilia nafasi, kama mtu anavyoacha mkoba kwenye kiti ili asikalie mwingine. Maneno ya kweli yakifika, ya mkoba yanatolewa. Dada kwa kawaida huandika "maneno maneno maneno." Asubuhi moja Mchoraji alipiga simu akitaka ya bango la kiwanda kimoja cha magodoro. Picha ilikuwa tayari, godoro jeupe juu ya rangi ya bluu, na nafasi kubwa tupu. Dada, aliyekuwa ameomba kuandikia nyumbani wiki hizo mbili, alikuwa bado kitandani, shuka limefika kidevuni, anaisoma ile barua ya shule kana kwamba safari hii ingesema kitu kipya.

"Kengele, nipe maneno," alisema bila kugeuka. "Yoyote. Sentensi mbili."

Nilimtazama alivyojikunja. Nikasema, "Maneno yanakuja. Mwandishi bado amelala."

Akaguna, akayaandika kwenye simu, akatuma, akarudi kwenye barua.

Wanaolaumu wamlaumu kila mtu. Mchoraji aliyaweka, yakakaa vizuri, akaenda kula. Mkurugenzi huidhinisha kazi kwa kidole gumba huku akiongea na simu, na inasemekana aliwahi kuidhinisha kalenda ya ukutani. Mteja mwenyewe, mama mwenye kiwanda, alikuwa ameikubali picha tangu zamani, na maneno akawaachia wao, kwa kuwa mashine yake ya kushonea ilikuwa imekorofisha na hakutaka kusikia la mtu. Na dada yangu, aliyepaswa kutuma maneno ya kweli siku iliyofuata, alikuwa anapiga hesabu za maisha yake.

Jumatatu Baba alirudi nyumbani mchana, jambo asilolifanya.

"Kuna bango kwenye mzunguko wa barabara," alisema, akivua kofia. "Kubwa kama ukuta wa darasa. Mwanafunzi wangu kalisoma, kacheka, kazima gari katikati ya mzunguko. Nyuma yetu magari yamepiga honi mpaka basi."

"Linasemaje?" aliuliza Dada.

Baba akamwambia.

Nimewahi kuona watu wakiitwa na mwalimu mkuu. Hakuna aliyebadilika rangi kama dada yangu. Alikaa chini polepole, pembeni ya kiti, kama mtu asiyetaka kukisumbua.

"Basi," alisema. "Swali la shule limejijibu. Sina kazi."

Mama alimwekea mkono kwenye paji la uso. Ni mazoea tu.

Simu ya ofisini ilipolia, Dada alinipa mimi nipokee. Nilijibu kwa sauti ya huzuni, kama msemaji wa familia kwenye msiba. Lakini Mkurugenzi alikuwa anacheka. Watu walikuwa wanasimama chini ya bango kupiga picha, wengine wamelala kabisa kwenye nyasi za mzunguko. Duka la kiwanda lilikuwa limeuza siku hiyo kuliko siku yoyote ya karibuni. Mwenye kiwanda alitaka mabango mawili mengine ya aina ile ile, na alikuwa anakuja mwenyewe Ijumaa kuyaona. Tena, kama Ijumaa itakwenda vizuri, Dada atakuwa Mwandishi Mkuu, mwenye chumba chake chenye mlango.

"Mlango?" aliuliza Dada aliporudishiwa simu.

"Na kitasa," alisema Mkurugenzi.

Mama alimtazama Baba kwa ushindi usio na kelele. "Mimi sijasema kitu," akakumbusha.

Tulianza kazi mezani, vyombo vimesukumwa pembeni. Mimi, kwa kuwa ndiye chimbuko, niliona mambo kuwa mepesi. Unamtoa mwandishi, unaweka mwingine. Nikasimama na kuanza kumimina kama bomba. Mpishi bado amelala. Mwalimu bado amelala. Fundi bomba bado amelala. Rubani bado amelala. Kila moja nililisoma kwa sauti ya redio.

"Daktari bado amelala," nikasema.

"Hilo najua lilikotokea," alisema Mama.

Dada aliandika sentensi zake, akafuta, akaandika. Zilikuwa nzuri, zimechanwa nywele, zimevaa soksi. Hakuna hata moja iliyozima gari. Jumatano alikuwa anatembea sebuleni akijiuliza kwa sauti, "Ile ilikuwa na nini?" Alhamisi alikuwa haulizi tena, anatembea tu.

"Umeambiwa urudi nyuma," alisema Baba akiwa nyuma ya gazeti.

"Baba."

"Nimenyamaza."

Ijumaa asubuhi Dada alinirushia sketi ya shule. "Vaa. Tunakwenda wote."

"Mimi tena?"

"Mstari ni wako. Nikiulizwa umetoka wapi, sitaki kusema mdogo wangu yuko likizo, nataka kumwonyesha." Akasita, kiatu kimoja mguuni. "Na kama nikifukuzwa, nataka shahidi."

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ya kioo, chupa za maji zilizopangwa kama gwaride, na godoro la sampuli lililosimamishwa ukutani kama mgeni aliyekosa kiti. Mwenye kiwanda alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye tabia ya kubonyeza kwa dole gumba kila kitu kinachokaliwa kabla hajakikalia. Alikibonyeza kiti cha ofisi, akasikitika, akakaa. Mchoraji alikuwa kwenye kona akifuta miwani yake ya shule.

Mkurugenzi alifungua kikao kwa kueleza kwamba bango lile ni matunda ya mkakati wa muda mrefu. Aliutaja mkakati kwa uchungu sana hata mimi niliukumbuka.

"Bwana mkubwa, ngoja," alisema yule mama. Akamgeukia Dada. "Mwanangu, mimi natengeneza magodoro. Ukiniuliza kwa nini hili lina bei kuliko lile, nalipasua nakuonyesha. Sasa nieleze na wewe. Lile bango, kwa nini watu wanalipenda? Nataka kujua ninachonunua."

Lilikuwa ndilo lile swali. Niliona mkono wa Dada ukikamata ukingo wa meza. Mkurugenzi alimtazama kwa macho yaliyosema mlango, kitasa, mlango.

"Lilikuwa kosa," alisema Dada.

Chupa moja ya maji ilifunguliwa, ikafungwa.

Akaeleza yote, kuanzia maneno ya kushikilia nafasi mpaka shuka kidevuni. "Na aliyeyatunga ni huyu hapa, mdogo wangu. Anaitwa Kengele."

Yule mama alinibonyeza kwa macho. "Kwa hiyo unaweza kunitungia mengine?"

"Kwa unyenyekevu mkubwa, ndiyo," nikasema, nikasimama. "Rubani bado amelala."

"Mimi nasafiri Jumatatu," alisema yule mama. "Kwa ndege."

Kikao kiliingia baridi. Nilikuwa nataka kuongeza daktari, lakini Dada alinivuta sketi nikakaa. Halafu akaanza kucheka, si kicheko cha kikaoni, kile cha nyumbani kinachomtoa machozi.

"Ni hilo," alisema. "Mama, ni hilo hilo. Rubani akilala watu wanaogopa. Daktari akilala watu wanaumia. Mwandishi wa matangazo akilala, dunia inapumzika."

Yule mama alitabasamu upande mmoja.

"Fikiria nani alikuwa pale kwenye mzunguko," Dada aliendelea, sasa amesimama, na nadhani hakujua kwamba amesimama. "Asubuhi, foleni, kila mtu katoka kitandani kwa nguvu. Anainua macho anakuta kuna mmoja hakutoka. Kazi inamngoja, bango zima tupu linamngoja, na yeye amelala. Hawamwonei huruma, wanamwonea wivu. Na wanajua mwenyewe analalia nini, hatukulazimika kusema. Sisi wiki nzima tumekuwa tukibadilisha mtu. Mtu hakuwa wa kubadilishwa. Ni yule yule, tunaendelea naye."

"Anafanya nini?" aliuliza yule mama.

Dada alilitazama lile godoro ukutani.

"Mwandishi ameamka," alisema taratibu. "Amegeukia upande wa pili."

Mchoraji alikuwa ameshaanza kuchora. Yule mama alicheka mpaka kiti kikasogea kwa magurudumu yake, akashika meza. Mkurugenzi alipiga kofi mezani kwa furaha ya mtu aliyeokolewa majini.

"Mmeona?" alisema. "Mtu wa namna hii shule ya nini? Kengele, dada yako ana shule kichwani."

Mimi nilikuwa naona kitanda changu kinayeyuka mbele ya macho yangu. Lakini Dada alikuwa bado amesimama.

"Mkurugenzi, nimekaa hapa miaka na leo ndiyo mara ya kwanza nimeulizwa kwa nini na mtu aliyengoja jibu," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma kibao cha barabarani na kugundua yuko wapi. "Na jibu lenyewe limenichukua wiki, familia nzima, na rubani. Kulipata naweza. Nataka nilipate kabla bango halijapanda. Nakwenda shule."

"Na mlango?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mpe Mchoraji. Ana mke, atahitaji kuufunga."

Mchoraji hakuinua kichwa, lakini masikio yake yalikubali.

"Wakikufundisha upuuzi?" aliuliza yule mama mwenye kiwanda, na niligundua kwamba ni swali la Mama lile lile, limevaa hereni.

"Nusu yake utakuwa upuuzi, nimeshaambiwa. Nitawauliza kwa nini."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, kama aliyepasua kitu na kukuta ndani ni safi. "Nenda, mwanangu. Lakini niliomba mabango mawili. Hilo la pili nani ananipa?"

Wote walitazamana. Nikainuka tena, mikono nyuma, kwa sababu kuna nyakati taifa linamwita mtu wake. Sikuwa natunga. Nilikuwa natangaza nia.

"Mwandishi ameondoka," nikasema. "Godoro nimelirithi mimi."

Walilichukua hivyo hivyo. Dada alitoka kwenda korido kupiga simu ya shule, na kupitia kioo cha mlango nilimwona akisema ndiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mama alipopewa habari, alimshika Dada mkono akampima mapigo ya moyo. Kisha akasema hajasema kitu, akaenda kumfungashia dawa za tumbo za kutosha bweni zima. Baba alimfundisha Dada kurudi nyuma na gari siku mbili mfululizo, ingawa shule ile haina uhusiano na magari na Dada hana gari. Alisema ni kwa ajili ya heshima.

Siku ya safari nilikuwa nimekwenda sokoni kumnunulia kufuli la sanduku, kwa kuwa makufuli ya wageni hufunguliwa kwa pini ya nywele, na mimi ni mtu ninayejua habari hizo kwa kusoma tu. Niliporudi, gari la Baba lilikuwa limeshapakiwa, kitu kirefu kimefungwa kamba juu yake na kufunikwa kwa shuka. Dada alinikumbatia, akachukua kufuli, akasema niutunze upande wa dirishani. Nikapunga mkono mpaka gari likakata kona.

Mimi na Mama tulikwenda nao hadi mzunguko kwa macho tu, maana kutoka kwenye ngazi zetu bango linaonekana. Lile jipya lilikuwa limepanda asubuhi hiyo hiyo. Mwandishi ameondoka. Godoro nimelirithi mimi. Watu wawili walikuwa chini yake wanapigana picha.

Nikaingia ndani kwa hatua za mtu mwenye mali. Nikafungua mlango wa chumba, nikavua viatu, nikajirusha kwa mgongo kwenye kitanda cha dirishani, nikapokelewa na mbao.

Mama alikuja mlangoni kwa kishindo kile. Aliniangalia nilivyolala juu ya chaga tupu, akanipima paji la uso.

"Si wewe uliyemwambia aende na godoro lake?" aliuliza.